Maisha ya Dada Yetu Macho, Aliyechora Salamu Zisizo na Maneno

Wazee wetu, mama zetu, majirani, wafanyakazi wenzake dada, na nyote mliofika kusimama nasi leo, mimi ndiye mdogo wake marehemu, yule anayemfuata kwa kuzaliwa, fundi wa majokofu, wengi mnanijua kwa sababu nimewahi kuingia jikoni kwenu na bisibisi mkononi, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa kuwa, walivyosema wenyewe, nina sauti kubwa na sina haya. Niliombwa pia niisome kwa upole. Hilo nimesema nitajitahidi, sikuahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba yetu, ambaye naye ametangulia, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya reli, na mama yetu, ambaye yupo hapa mbele, kiziwi tangu utotoni, na pembeni yake amekaa binti wa marehemu akimtafsiria kwa mikono kila ninalosema, kwa hiyo mkiona nimekawia mwisho wa sentensi msidhani nimekwama, namsubiri mama.

Tulikulia katika nyumba ya vyumba viwili mwisho wa mtaa wa karakana, ambapo kila asubuhi vumbi la makaa lilikuwa limeshakaa dirishani kabla mama hajaamka kulifuta, na dada, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye aliyekwenda na mama sokoni, buchani, kwa fundi viatu na zahanati, awe mdomo na masikio yake. Huko ndiko alikoonja uchungu ambao hakuusahau, maana watu walikuwa wakimsalimia mtoto na kumruka mama, wakimwuliza mtoto, "Mama hajambo?" na mama mwenyewe amesimama pale pale na kikapu chake. Baba alipenda sana kusimulia siku dada alipomjibu muuza nyama, akiwa hajatimiza miaka saba, "Mwulize mwenyewe, si huyu hapa?" muuza nyama akacheka akasema, "Nitamwuliza vipi na hasikii?" dada akamwambia, "Anaona." Alirudi nyumbani akagombezwa kwa kumjibu mtu mzima, lakini muuza nyama, kuanzia wiki iliyofuata, kila akimwona mama, alikuwa anaweka kisu chini, anaufuta mkono, anauinua.

Jina la Macho alipewa na majirani, kwa sababu alikuwa akikaa kizingitini anawakodolea watu macho jinsi wanavyokutana, kisha jioni anatuigizia sisi wadogo zake, anatuigizia mwalimu mkuu aliyekuwa akitoa vidole vitatu tu kama anayegusa sufuria ya moto, mjomba aliyekuwa akitikisa mkono wa mtu mpaka saa inamtoka, na shangazi, samahani shangazi, upo hapa, aliyekuwa akimkumbatia mtu huku anachungulia jikoni kumepikwa nini. Tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinauma, na mama alicheka kutushinda sote, kwa sababu mchezo ule haukuhitaji neno hata moja.

Alisoma shule ya msingi ya karakana kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza kidato cha sita mwaka 1993, akaingia chuo kikuu kusomea takwimu na kompyuta, akahitimu mwaka 1998, na miaka mitano baadaye akapata shahada ya pili katika michoro ya kompyuta, fani ambayo baba alipoulizwa na wenzake karakana alikuwa akiieleza kwa kusema, "Anachora, lakini hana kalamu." Mwaka 1999 aliajiriwa kuwa mtafiti msaidizi katika taasisi ya utafiti ambayo sitaitaja, si kwa heshima, ni kwa sababu jina lile halistahili kutiwa katika historia hii.

Kazi yake naomba niieleze kwa lugha ya kawaida, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akiniambia kwamba kama fundi wa majokofu haelewi basi haijaelezwa. Ghorofa ya tatu ya taasisi kulikuwa na chumba kilichozibwa mapazia meusi, chenye kamera zimefungwa dari nzima, na mtu aliyeingia humo alibandikwa vidoa vyeupe vinavyong'aa kwenye vifundo vya mikono, mabega, magoti, shingo na paji la uso, kisha akaombwa asalimiane na mwenzake kama wanavyosalimiana kwao, bila kusema kitu. Kompyuta ilivishika vile vidoa peke yake, ikaacha uso, ikaacha rangi ya ngozi, ikaacha nguo, na kwenye kioo ungeona nukta zinatembea, zinasimama, zinainama, na nyuma ya kila mkono unabaki mstari wa rangi hewani, kama uzi uliovutwa na sindano. Alipokea watu wa kila namna, mabaharia, wakimbizi, wanafunzi wa kigeni, wachuuzi, masista, wanajeshi, wanaoinama kutoka kiunoni, wanaokutanisha viganja kifuani, wanaopiga goti, wanaoinua nyusi tu na imekwisha, akaichora salamu ya kila mmoja, akazilaza zile nyuzi moja juu ya nyingine, akitafuta zinapokutana na zinapoachana. Alikuwa akisema kwamba ukimwondolea mtu sura na jina, ukabaki na mwendo wake tu, ndipo unaona kama amekuheshimu au amekupita.

Alichokiona, na hata hilo hakupenda kulisema kwa uhakika, alisema "naona kama," ni kwamba karibu kila mtu, kabla mkono haujanyooka au kichwa hakijainama, hutua kidogo sana, mwili mzima husimama kama unaobisha hodi, na baada ya hapo kila watu wana njia yao, na hakuna njia ambayo unaweza kuichukua ukaifanya rula ya kupimia wengine. Ishikeni hiyo sentensi ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyomgharimu.

Katika chumba hicho hicho ndimo alimompata mume wake, shemeji yetu, mpima ardhi, aliyekuwa amekuja kupima mipaka ya kiwanja cha taasisi, dada akatoka mlangoni akamwambia amepungukiwa na mtu mmoja, aingie mara moja amsalimie msaidizi wake. Akaingia, akasalimia, dada akamwambia, "Toka uingie tena, umesalimia haraka." Akaingia tena, dada akasema hajasimama vizuri. Alipoingia mara nyingine, shemeji akauliza, "Sasa dada, nibishe hodi mara ngapi ndipo nikaribishwe?" dada akazima kamera, akamjibu, "Hii ya sasa ilikuwa nzuri. Kaa." Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2004, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2006, ambaye mnamwona akifanya kazi ya mikono kwa bibi yake, na mvulana aliyezaliwa mwaka 2010, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya kelele, ya vitabu chini ya kitanda, na ya mama wa nyumba asiyejua kupika wali bila kuuunguza, hilo shemeji kanituma niliseme, anasema bila hilo hamtaamini ni yeye tunayemzika.

Sasa nafika mahali nilipoombwa nipapite haraka. Siku ya Ijumaa walitumwa nyumbani watu wawili kutoka taasisi, wamevaa vizuri, wakakaa sebuleni, wakanywa chai yetu, wakasema wangeshukuru sana kama historia ya marehemu "haitagusa mambo ya ofisini." Nimeyabeba maneno yao mpaka hapa, na hapa nayatua.

Mwezi Agosti 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, akaanza matibabu ya dripu, na madaktari walikuwa na matumaini, naye alikuwa akienda kazini na kitambaa kichwani, akisema afadhali kuumwa mbele ya kompyuta kuliko kuumwa mbele ya dari. Ilikuwa Januari 2024, akiwa katikati ya dawa hizo, alipofuatwa ofisini na mama mmoja mshonaji, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amekubali kubandikwa vidoa na kurekodiwa, mama ambaye kwao mtu mwenye adabu husalimia kwa kukunja magoti na kushusha macho. Mama huyo alikuwa ameomba kazi katika kiwanda cha kushona sare, akaingizwa kwenye chumba cha usaili chenye kamera juu ya mlango, akasalimia, akaambiwa asubiri nje, kisha akaambiwa aende nyumbani, na alipouliza kosa lake, karani, kwa kumhurumia, akamnong'oneza kwamba mashine imempa alama ndogo, imesema haaminiki, maana hatazami watu usoni. Akaiona nembo ya taasisi ya dada yangu kwenye ile mashine. Akaja, akasimama mbele ya meza yake, akasema, "Dada, mliniambia mnazipiga picha salamu zetu ili watu waelewane. Sasa picha yangu ndiyo inayoninyima kazi?"

Dada hakujua lolote. Aliuliza chini, akauliza juu, akaambiwa na mhandisi wa kamera, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi, kwamba mkurugenzi alikuwa ameichukua hazina yote ya salamu, kazi ya dada ya miaka ishirini, akaipa kampuni inayotengeneza mashine za usaili, bila kumwambia yeye na bila kuwauliza watu waliorekodiwa, na kwamba kampuni imechagua salamu za mabwana wakubwa wa maofisini, mkono mbele, kidevu juu, hatua ndefu, ikazifanya ndizo salamu za mtu mwaminifu, wengine wote wakapimwa nazo. Alichokataa kufanya maisha yake yote kilikuwa kimefanywa kwa mikono yake mwenyewe, kwa nyuzi zake mwenyewe.

Alikwenda kwa mkurugenzi. Yaliyosemwa humo nimeyasikia kutoka kwake na kutoka kwa mhandisi aliyekuwapo, na hayapishani. Mkurugenzi alimwambia, "Zile ni nukta tu, hazina mwenyewe." Dada akamjibu, "Zina wenyewe, na mimi ndiye niliyewaahidi." Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta, akasema kwa ile sauti ya mtu anayekuonea huruma, "Tatizo lako wewe ni moja, unachanganya sayansi na yule mama yako bubu."

Nimesimama kidogo hapo kwa sababu mama amemwambia mjukuu wake alirudie neno lile, ahakikishe ameliona sawasawa. Ameliona sawasawa, mama. Ndilo alilolisema.

Dada aliondoka, na tangu siku hiyo kadi yake haikufungua tena mlango wa ghorofa ya tatu, meza yake ilihamishiwa chumba cha chini kando ya ghala la vifaa vya usafi, na wafanyakazi wenzake, watu aliowafundisha, aliowachangia harusi, aliokaa nao misibani, wakawa wakimwona koridoni wanashika simu, wanageukia ukutani, wanaingia choo ambacho hawakuwa na haja nacho. Mtu aliyejua kuliko yeyote katika jengo lile maana ya kupitwa bila salamu, alipitwa kila asubuhi, huku kichwa hakina nywele na mkono una bandeji ya sindano. Baba mdogo wetu alimshauri anyamaze ajitibu kwanza, na alimshauri kwa kumpenda, lakini dada alimwambia, "Baba mdogo, nikinyamaza nitapona niende wapi?"

Mwezi Mei 2024, kwa msaada wa mkutubi wa maktaba ya mji, ambaye alimpa ukumbi bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, marehemu alifanya maonyesho yake ya mwisho. Kioo cha kwanza kilionyesha nukta za mama mshonaji, kwa ridhaa yake, naye akiwa amesimama hapo hapo, magoti yanakunjwa, uzi wa mkono unashuka taratibu, na chini yake alama ambayo mashine ingempa. Kioo cha pili kilionyesha nukta za bwana mmoja zinaingia zimetanguliza mkono, hazikutua hata kidogo, na alama yake juu kabisa. Kisha akaweka katikati ya ukumbi kamera iliyounganishwa na kipimo cha mashine zile, nakala aliyopewa na mhandisi, akakaribisha kila mtu asalimie apate alama zake. Akapanda hakimu mstaafu, mzee anayeheshimika mji mzima, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akiinamisha mahakamani miaka yote, na mashine ikaandika kwamba uaminifu wake ni wa mashaka, ukumbi ukaangua kicheko, hakimu naye akacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe, kama watu wamekumbuka kitu.

Halafu mama alisimama. Hakuna aliyemwita. Alikwenda mbele ya kamera, akauinua mkono, akauweka kifuani, akatabasamu, kama anavyowasalimia ninyi nyote kila siku, na kioo kikatafuta, kisha kikaandika kwa herufi kubwa, SALAMU HAIJAPATIKANA. Dada alikimbilia waya auchomoe, na mama akamzuia, akamwambia kwa mikono, mbele ya watu wote, "Usizime. Waache wasome." Wakasoma. Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alitoka kwa mlango wa pembeni, na nilimwona, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kwenye mlango huo, na alinipita bila kunitazama.

Baada ya maonyesho hayo kiwanda cha sare kiliing'oa mashine yake, na mama mshonaji aliitwa tena kazini, akawajibu kwamba amepata sehemu nyingine ambapo wanasalimiana na watu, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwezi Juni 2024 marehemu aliachishwa kazi kwa kosa la kutoa mali ya taasisi nje, yaani nyuzi zake mwenyewe, na siku hiyo hiyo bima yake ya matibabu ikakatwa, akiwa bado ana dripu mbele yake. Shemeji alizunguka ofisi moja hadi nyingine, mhandisi wa kamera akaandika malalamiko na yeye akaondoka kazini, sisi ndugu tukahangaika, na hadi dada anapata nafasi katika hospitali ya umma, msimu mzima ulikuwa umepita bila dawa. Mwezi Desemba mwaka huo huo, mkurugenzi alipewa tuzo kwa ubunifu wa kuchora salamu za binadamu. Picha yake ilitoka gazetini akishikana mkono na mgeni rasmi. Kidevu juu.

Sitasema hapa kwamba wamemuua. Daktari wake, mtu mkweli, ametuambia kwamba ugonjwa ule ungeweza kurudi hata kama dawa isingekatizwa, na dada mwenyewe alitukataza kusema tusichokijua. Ninachokijua ni kwamba alipokuwa anahitaji dawa, mtu mmoja aliketi, akachukua kalamu, akaamua asipewe, na mtu huyo alijua anaumwa, kwa sababu alikuwa amesaini ruhusa zake za kwenda hospitali.

Mwaka huu, mwezi Aprili, ugonjwa ulionekana kwenye mapafu. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na katika wodi ile alikuwa akimtazama kila anayeingia mlangoni, na baada ya wiki moja tu alikuwa akimwambia binti yake, kabla muuguzi hajafungua kinywa, kama habari anazoleta ni nzuri au mbaya. Alifariki siku ya Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, mchana, mume wake akiwa ameshika mkono wa kulia na mama akiwa ameshika wa kushoto, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameacha mama, mume, watoto wawili, wadogo zake wawili, na mashine ambazo bado zimefungwa juu ya milango ya watu wengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyejifunza maneno machache ya lugha ya alama ili amweleze mama hali ya mtoto wake bila kupitia kwa mtu. Tunawashukuru majirani, mliopika, mliofua, mliokaa na watoto bila kuitwa. Tunamshukuru mkutubi, hakimu mstaafu na mama mshonaji. Tunawashukuru pia wale wafanyakazi wenzake wachache mliokuja wodini, na wale mlioshika simu koridoni na leo mmekuja na kulia, machozi yenu tumeyaona, tunayapokea, ila mngeyaleta mapema yangekuwa na kazi.

Mkurugenzi wa taasisi yupo miongoni mwetu, mstari wa tatu. Ametuletea rambirambi iliyoandikwa, inamwita dada yangu mtumishi mtiifu, na familia imekaa, imeisoma, imeamua isisomwe, kwa kuwa huyo aliyeandikwa humo hatumfahamu. Mama amenituma nikuambie jambo moja, mzee, na anakutazama ninapolisema. Anasema pole yako haihitaji, anataka uzizime zile mashine.

Jeneza litabebwa na mume wake, mimi, mdogo wetu wa mwisho, mhandisi wa kamera, mkutubi, na mama mshonaji, ambaye alipoambiwa ni zito alituuliza kama cherehani tunadhani hujibeba. Mkurugenzi aliomba apewe nafasi moja kati ya hizo sita. Jibu la familia ni hapana.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi tuliobaki hatujapumzika bado.